Bei ya Dozi: Uhakiki wa Kanuni ya "Kadiri Inavyowezekana" katika Kinga ya Wafanyakazi wa Taka za Mionzi

Kinga ya wafanyakazi dhidi ya mionzi imejengwa duniani kote juu ya mafunzo ya chombo kimoja, yaani Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi (ICRP), iliyoanzishwa mjini Stockholm mwaka 1928 katika mkutano wa madaktari wa eksirei. Mafunzo hayo yana nguzo tatu. Kwanza, kazi yoyote yenye mionzi lazima iwe na faida inayozidi madhara yake. Pili, dozi iwekwe chini kwa kadiri inavyowezekana kwa busara, hali ya uchumi na ya jamii ikizingatiwa. Tatu, pawepo kikomo ambacho dozi ya mfanyakazi mmoja haitakivuka. Makada wengi wakisikia maneno haya huyaacha mikononi mwa wataalamu, wakiamini kwamba hapa hakuna swali la siasa, kuna vipimo na hesabu tu. Makala haya yanashughulika na nguzo ya pili, kwa sababu ndani yake limefichwa swali la kitabaka lililo wazi kabisa: kinawezekana kwa nani, na ni busara ya nani?

Tuwe waadilifu tangu mwanzo. Vikomo vya dozi si hila ya mabepari. Ni matunda ya elimu na ya mapambano, na elimu yenyewe ililipiwa kwa miili ya watu. Wasichana wa viwanda vya saa vya New Jersey, waliopaka nambari kwa rangi ya radiamu huku wakichongoa ncha za brashi kwa midomo, walioza mataya kabla ya dunia kukubali kwamba radiamu iliyoingia mwilini haitoki. Watu wa Hiroshima na Nagasaki walionusurika mwaka 1945 wamechunguzwa kwa miongo mingi, na kutokana nao ndipo hesabu za saratani zilipopatikana. Mwaka 1934 kikomo kilikuwa roentgen 0.2 kwa siku, kiasi ambacho kwa vipimo vya leo kinakaribia milisiveti 500 kwa mwaka wa kazi. Kufikia miaka ya mwisho ya 1950 kilikuwa kimeshuka hadi milisiveti 50 kwa mwaka. Mwaka 1990 Tume ilipendekeza wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, pasiwepo mwaka hata mmoja unaozidi 50. Marekani, inayopenda kuwafundisha wengine usalama, imebaki na 50. Anayesema vikomo hivi havina maana anawapokonya wafanyakazi silaha yao.

Lakini tazama jinsi neno lenyewe lilivyosafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Tume ilitaka dozi iwe ndogo kwa kadiri inavyotekelezeka. Katikati ya miaka ya 1960 lugha ikawa ya kadiri inavyofikika kwa urahisi, na hapo ndipo masuala ya uchumi yalipotajwa waziwazi. Mwaka 1973 "urahisi" ukapisha "busara". Mwaka 1977, katika Chapisho la 26, busara ikapewa mizani yake: hesabu ya gharama na faida. Mhandisi apime fedha zitakazotumika kuongeza ukuta wa zege au feni ya pili, kisha alinganishe na thamani ya dozi itakayookolewa. Ukuta ukizidi thamani ya dozi, ukuta usijengwe. Kwa njia hii dozi ikapata bei, kama gunia la korosho.

Bei hiyo inapatikanaje? Tume ya Nyuklia ya Marekani ilipanga mwaka 1995 kwamba rem moja ya mtu mmoja ithaminiwe kwa dola 2,000. Asili ya nambari hiyo haikufichwa: walichukua thamani ya uhai wa mtu kuwa dola milioni 3, wakaizidisha kwa uwezekano wa madhara kwa kila rem, wakakadiria. Njia nyingine inayotumika ni kutazama pato la wastani la kila mtu katika nchi, na kuhesabu pato linalopotea mtu anapougua au kufa mapema. Msomaji wa nchi maskini asimame hapa afikiri. Kwa hesabu hiyo milisiveti inayoingia kwenye uboho wa mchimbaji wa Katanga au wa Ruvuma ni rahisi mara nyingi kuliko ileile inapoingia kwa mfanyakazi wa Texas. Kwa hiyo ukuta ambao ni wa "busara" Texas unakuwa wa anasa kwetu. Hakuna aliyeandika kwamba Mwafrika ana thamani ndogo. Hesabu imesema hivyo yenyewe, kwa adabu.

Nadharia hii haikuanzia kwenye karatasi. Ilitanguliwa na vitendo, na mfano mkubwa unatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa karibu, kwa sababu madini yake yalichimbwa na watu ambao lugha yao ya kazi ilikuwa hii. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Ulichimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu. Urani yake ilikuwa tajiri ajabu, na baadhi ya mawe yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, na mwezi Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa ajili ya kutengeneza bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilitoka Kongo.

Sasa zingatia mkataba. Marekani ilinunua urani tu. Radiamu na madini mengine ya thamani yaliyobaki katika makapi yaliendelea kuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji kupitia tawi lake la African Metals, na Marekani ikapewa jukumu la kuyatunza. Makapi hayo yaliyoitwa K-65 yalitoka kwenye kiwanda cha Mallinckrodt mjini St. Louis yakiwa yamejaa radiamu ambayo muda wote hutoa gesi ya radoni. Hayakuhesabiwa kuwa taka, kwa kuwa mtu fulani Brussels alikuwa bado anayaona kama akiba yake. Yakawekwa kwenye mapipa, mapipa yakaoza. Sehemu ilipelekwa Lewiston karibu na maporomoko ya Niagara, sehemu ikapelekwa Fernald katika jimbo la Ohio, na huko katika miaka ya 1950 yakamiminwa katika matangi mawili makubwa ya zege. Waliohamisha mapipa, waliochota na kusukuma tope lile, waliofanya kazi kila siku kwenye kivuli cha matangi yale, walivuta radoni ya jiwe la Shinkolobwe. Mwaka 1991, miaka zaidi ya 30 baada ya matangi kujaa, udongo wa bentonaiti ulimwagwa juu ya makapi ili kupunguza gesi. Ni mwaka 2005 na 2006 tu yalipochukuliwa na kupelekwa Texas. Yale ya Lewiston yalifunikwa kwa kifuniko cha muda mwaka 1986, na uamuzi rasmi wa kuyafukua ulitolewa mwaka 2019.

Hapa siri ya jambo inaonekana. Kitu kilekile kilikuwa mali kwa mwenye mtaji na sumu kwa mwenye mikono. Maadamu kilikuwa mali hakikufungiwa vizuri, maana huenda kingehitajika. Kilipokoma kuwa mali kikawa mzigo wa serikali, na gharama ikawaangukia walipa kodi. Faida ilikuwa ya watu binafsi, hasara ikawa ya umma. Kanuni ya "kadiri inavyowezekana" haiwezi kuliona jambo hili, kwa sababu inaanza kuhesabu siku mfanyakazi anapoingia getini. Haiulizi nani aliamua kwamba makapi yawe hapo, katika hali hiyo, kwa muda huo wote.

Wafanyakazi wa Marekani hawakunyamaza. Baada ya kelele za miaka mingi za vyama vya wafanyakazi na wajane, sheria ya fidia ilipitishwa mwaka 2000. Mfanyakazi wa viwanda vya silaha za nyuklia aliyepata saratani, dozi yake ikikadiriwa na kuonekana kuwa chanzo kinachowezekana, hulipwa dola 150,000 na kutibiwa. La maana zaidi kwetu ni kifungu kingine: mahali ambapo kumbukumbu hazitoshi kukadiria dozi, kundi zima la wafanyakazi linaweza kukubaliwa bila kila mtu kuthibitisha dozi yake. Wafanyakazi wa Mallinckrodt walikubaliwa kwa njia hiyo mwaka 2005. Huu ni ushindi wa kifikra kuliko wa fedha. Unasema kwamba kukosekana kwa daftari ni kosa la mwajiri, basi na adhabu yake imwangukie mwenye kosa. Je, wale waliochimba na kupanga mawe hayohayo kwa mikono huko Shinkolobwe? Sheria hiyo haiwagusi. Mgodi ulifungwa wakati wa uhuru wa Kongo mwaka 1960, kisha watu wenye njaa wakarudi kuchimba kobalti kwa sululu. Rais Joseph Kabila aliamuru ufungwe mwaka 2004, na mwezi Julai mwaka uleule sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wasiopungua 8.

Wako watakaosema hiyo ni historia, na kwamba siku hizi mambo ni ya kisasa. Basi tuchukue ghala la kisasa kuliko yote. Karibu na Carlsbad, New Mexico, Marekani ilichimba katika tabaka la chumvi, mita 655 chini ya ardhi, ghala la kuzika taka zenye plutoni kutoka kwenye viwanda vya silaha. Lilipokea mzigo wa kwanza mwezi Machi 1999. Tarehe 5 Februari 2014 lori la kubebea chumvi liliwaka moto humo chini, wafanyakazi 86 wakiwa mgodini. Uchunguzi uligundua kwamba mafuta na uchafu ulikuwa umeachwa ukarundikana kwenye lori, na kwamba mtambo wake wa kuzima moto wenyewe ulikuwa umeondolewa katika kazi. Siku 9 baadaye, usiku wa tarehe 14 Februari, pipa moja kutoka maabara ya Los Alamos lilipasuka kwa joto. Ndani yake chumvi za naitrati zilikuwa zimechanganywa na chenga za ngano, aina inayouzwa madukani kwa ajili ya choo cha paka, badala ya ile ya udongo. Kila mwanafunzi wa kemia wa kidato cha nne anajua kwamba naitrati na kitu cha nafaka havikai pamoja kwa amani.

Chini hapakuwa na mtu usiku ule, na hiyo ilikuwa bahati. King'ora kililia, hewa ikaelekezwa kwenye vichujio, lakini milango ya hewa ilivuja. Asubuhi zamu mpya iliingia kazini kama kawaida. Amri ya watu kujifungia ndani ilitolewa karibu saa 10 baada ya king'ora. Zaidi ya wafanyakazi 20 walikutwa na chembe za mionzi mwilini, kwa dozi ndogo: makadirio rasmi yaliweka kila mmoja chini ya milisiveti 0.1. Ghala likafungwa karibu miaka 3, hadi Januari 2017.

Kwa kipimo cha nguzo ya tatu hapakuwa na tatizo lolote, maana hakuna aliyekaribia kikomo. Hapo ndipo udhaifu wa kupima usalama kwa dozi peke yake unapodhihirika. Tume ya uchunguzi iliandika mengi kuhusu matengenezo yaliyozorota na "utamaduni wa usalama", neno ambalo mameneja hulipenda kwa sababu utamaduni hauna anwani. Lakini ripoti hazikukaa sana juu ya jambo moja: haraka. Baada ya moto wa msitu kukaribia Los Alamos mwaka 2011, maabara iliahidi kuondoa mita za ujazo 3,706 za taka kufikia mwisho wa Juni 2014. Mapipa yakajazwa kwa kukimbizana na tarehe, chini ya makampuni ya mkataba yanayolipwa kwa kutimiza malengo. Mtu wa zamu aliyeshika mfuko wa chenga za ngano alikuwa anafuata maelekezo yaliyoandikwa. Hakuwa na mamlaka ya kusimamisha foleni ya mapipa. Angekuwa nayo, swali la fundi mmoja lingetosha.

Mfano wa Asse nchini Ujerumani unaleta tatizo gumu zaidi, ambalo hata sisi wakosoaji hatuwezi kulipita kwa kaulimbiu. Katika mgodi huo wa zamani wa chumvi, kati ya mwaka 1967 na 1978, yaliingizwa mapipa yapatayo 126,000 ya taka za mionzi. Mwanzoni yalipangwa. Baadaye yakamwagwa tu kwa mashine kutoka juu ya mteremko wa chumvi, na hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa kupunguza dozi ya wafanyakazi: anayemwaga hukaa karibu na pipa kwa muda mfupi kuliko anayepanga. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa mfanyakazi wa mwaka ule. Tangu 1988 maji yanaingia mgodini, kiasi cha mita za ujazo 12 kwa siku, na mwaka 2013 bunge liliamua kwa sheria kwamba taka zitolewe. Mapipa yaliyopondeka na kufukiwa sasa yatatolewa na wafanyakazi wengine, na dozi iliyookolewa juzi italipwa na wao. Tena wapo wanaoitumia hoja ileile ya kumlinda mfanyakazi ili kudai kwamba ni afadhali taka ziachwe palepale. Huu ni mgongano wa kweli kati ya wafanyakazi wa leo na wa kesho, na kati ya wafanyakazi na wanakijiji wanaokunywa maji ya eneo lile. Hauwezi kumalizwa na mizani ya fedha. Unahitaji uamuzi wa pamoja wa watu wenyewe, wakiwa na habari zote mkononi.

Kasoro nyingine ya kanuni hii ni kwamba kikomo ni cha mtu mmoja mmoja. Elimu ileile ya Tume inakubali kwamba, kwa ajili ya kinga, madhara yachukuliwe kuwa yanakua sawia na dozi bila kuwapo kiwango kisicho na hatari. Uchunguzi wa wafanyakazi 309,932 wa Marekani, Uingereza na Ufaransa uliotolewa mwaka 2023 ulizidi kuitia nguvu kauli hiyo. Ikiwa ni hivyo, kugawa kazi moja kwa vibarua 100 badala ya mafundi 10 hakupunguzi saratani hata moja. Kunapunguza tu ukubwa wa nambari katika kila daftari. Mwanasosholojia wa Ufaransa Annie Thébaud-Mony, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha jinsi sekta ya nyuklia ya nchi yake ilivyowasukumia dozi wafanyakazi wa makampuni ya mkataba, wanaohama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kikomo kikikaribia, mtu hukosa kazi. Huko Fukushima, mwaka 2012, ilifichuka kwamba msimamizi wa kampuni moja ya mkataba alikuwa amewaamuru watu wake wafunike vipima dozi kwa bamba la risasi. Mfanyakazi anayelipwa kwa siku huwa adui wa kipimo chake mwenyewe. Katika hali hiyo, semina ya usalama haitoshi kubadili kitu.

Mtu asije akadhani kwamba tukishataifisha tumemaliza. Tarehe 29 Septemba 1957 tangi la taka za mionzi lililipuka katika kiwanda cha Mayak, Urusi, baada ya mtambo wa kulipoza kuharibika. Hapakuwa na bepari pale. Palikuwa na siri, na ukweli haukutangazwa rasmi mpaka 1989. Njia kuu za uchumi zilikuwa mali ya umma, lakini umma haukuruhusiwa kujua. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliligusa suala hili ulipowakemea viongozi wenye tabia za kinyapara, na ulipopima maendeleo kwa uwezo wa watu kuamua mambo yao wenyewe. Wasomi wetu hupenda kuitaja Ibara ya 15 kama historia ya migomo ya miaka ile. Ni vema wakaisoma upya wakiwa na kipima dozi mkononi.

Kwetu Tanzania kazi ya udhibiti wa mionzi ilianza na sheria ya mwaka 1983, na leo iko chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye ofisi Arusha. Taka zetu mpaka sasa ni hasa vyanzo vilivyochakaa kutoka hospitali na viwandani, vinavyokusanywa na kuhifadhiwa huko. Idadi ya wanaovishika ni ndogo. Hali itakuwa nyingine kabisa kwenye urani ya Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, ambayo kwa ajili yake mipaka ya hifadhi ya Selous ilibadilishwa mwaka 2012 na leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa mwaka 2013. Kila mgodi wa urani huacha bwawa la makapi, na bwawa hilo ni eneo la taka za mionzi, liitwe jina lolote, kwa sababu radiamu na thoriamu hubaki humo baada ya urani kuchukuliwa. Watakaolisukuma tope, watakaoziba mabomba yanayovuja na watakaolifunika mwishoni watakuwa, kwa mazoea ya sekta hii, watu wa makandarasi.

Hapa matawi ya Chama na chama cha wafanyakazi wa migodi, TAMICO, wana kazi ambayo mkaguzi wa Tume hawezi kuwafanyia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inazungumzia kamati za usalama. Kamati hizo zipate wajumbe waliochaguliwa na vibarua pia. Jumla ya dozi ya kazi nzima itangazwe ubaoni, si dozi ya kila mtu peke yake, ili ujanja wa kuigawa uonekane. Makadirio yoyote yanayoipa dozi bei kwa kutumia pato la Mtanzania yakataliwe mezani. Na daftari la dozi lisikae kwa mwajiri pekee. Saratani ya mapafu au ya damu inaweza kuchukua miaka 10, 20, hata 30 kujitokeza, na kampuni ya mkataba haiishi muda huo. Nakala ya kwanza awe nayo mfanyakazi mwenyewe, ya pili iwe kwa Tume Arusha, na ya tatu ibaki wilayani Namtumbo, mahali ambapo mjane anaweza kufika kwa basi.